Siku moja maishani mwangu: dereva wa wasaka taa za kaskazini, Tromsø

Saa nne asubuhi. Ndiyo kwanza naamka, na nje bado giza. Hapa Tromsø, kaskazini mwa Norwei, jua huaga mwishoni mwa Novemba na halichomozi tena hadi katikati ya Januari. Hata likichomoza linajificha nyuma ya milima, kwa hiyo mjini sherehe ya kulipokea ni tarehe 21, na watu hula maandazi ya jamu. Sisi tunaohesabu saa tangu kunapopambazuka huku tunapata tabu: saa nne tangu nini?

Nashika simu kabla sijawasha taa ya chumbani. Naangalia mawingu, maana kazi yangu ni kuwapeleka wageni kuona taa za kaskazini, ule mwanga wa rangi unaocheza angani usiku.

Saa sita na nusu nipo gereji. Nakwangua barafu kwenye vioo, nakagua misumari ya matairi (bila hiyo kwenye barafu huendi popote), najaza dizeli, nahesabu ovaroli nzito na mabuti, napakia kuni na chupa za supu. Nje kumekuwa na rangi ya buluu. Huo ndio mchana wetu, na hauchukui muda kuisha.

Saa tisa alasiri, giza tena, madereva tumekaa ofisini mbele ya picha za setilaiti. Hapa ndipo usiku mzima unapoamuliwa. Wageni huja na programu zao za simu wakinionyesha namba ya Kp, kipimo cha msukosuko wa sumaku ya dunia unaoletwa na jua: "Leo ni 2 tu, si bora tuahirishe?" Namba hiyo, inayokwenda toka 0 hadi 9, inamhusu zaidi aliyeko Scotland au Ujerumani. Tromsø iko karibu nyuzi 70 kaskazini, moja kwa moja chini ya ule mkanda wa anga ambamo taa hizi huwaka, kwa hiyo hata 1 au 2 inatutosha. Taa zenyewe zinaanzia kiasi cha kilomita 100 juu, pale chembe zilizotoka kwenye jua zinapogonga oksijeni ya angani na kutoa kijani. Ile ya juu zaidi hutoa nyekundu. Mawingu yote ya mvua na theluji yako chini sana ya hapo. Anga inaweza kuwa inawaka upande hadi upande, nawe umesimama chini ya wingu huoni hata cheche. Ndiyo maana nasema kazi yangu ni kukimbia mawingu. Taa zenyewe zinajiendesha.

Leo upepo unatoka baharini, pwani yote imefunikwa. Tunakubaliana: Skibotn. Ni mwendo wa kama saa mbili kuelekea bara, nyuma ya milima ya Lyngen, ambayo huzuia theluji nyingi isivuke. Chuo kikuu cha hapa kimejenga kituo chake cha kutazama anga hukohuko, na hawakupachagua kwa mandhari.

Saa kumi na mbili jioni nachukua abiria bandarini. Miongoni mwao yuko mama mmoja wa Kitanzania anayeishi Birmingham, amekuja na binti yake. Kusikia Kiswahili changu akashika kifua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Haya niambie, hizo taa zinawashwa saa ngapi?"

Swali hilo naulizwa kwa lugha zote, ila yeye aliuliza kwa sauti ya mtu aliyelipa. Nikamwambia anayeziwasha hana ratiba. Basi zima likacheka baada ya binti kutafsiri.

Saa mbili usiku tumepita Nordkjosbotn. Barabara ni nyeupe, natazama pembeni muda wote maana kulungu wakubwa wa huku hawana habari na taa za gari. Kipimajoto kinashuka: mjini kilikuwa -3, sasa -11, kisha -18. Wageni wananung'unika, mimi nafurahi. Baridi kali ya ghafla mara nyingi maana yake mbingu imefunguka.

Saa tatu tunashuka. Kumvisha mama ovaroli ilikuwa kazi ya watu wawili: dera lote likakunjwa na kusokomezwa ndani, mtandio juu, kofia juu ya mtandio, mpaka yakabaki macho tu. Baada ya dakika kumi kope zake zilikuwa na barafu. Nawaambia wote waweke simu mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwa sababu betri huku hufa ghafla.

Kisha tunangoja. Hakuna cha kusimulia kuhusu kungoja. Supu, moto, miguu kupigapiga.

Karibu saa nne na nusu mama akanivuta mkono. "Mwanangu, mbona kuna moshi kule?" Kweli, mstari hafifu juu ya mlima, wa kijivu, kama moshi wa kuni mbichi. Nikaweka kamera kwenye stendi, nikaiacha ivute mwanga sekunde nne, nikamwonyesha kioo chake: kijani. Jicho la mtu gizani halishiki rangi vizuri mwanga ukiwa mdogo, na hapo ndipo wengi wanapodai wametapeliwa na picha za matangazo. Si uongo wote. Mwanga ukizidi, rangi unaiona mwenyewe. Na leo ulizidi: mstari ukapanda, ukapasuka vipande, ukaanza kukimbia juu ya vichwa vyetu, ukingo wa chini una waridi, ambayo ni naitrojeni. Binti alipiga picha. Mama aligoma kutazama simu, akasema "Allahu akbar" mara nyingi, kisha akadai supu nyingine.

Dakika kumi na tano hivi, ikafifia. Wanaopanga kuja nawasihi: kaeni siku nne au tano, na yeyote anayewaahidi usiku mmoja wa uhakika anauza asichokuwa nacho.

Saa nane usiku nawashusha hotelini. Nafagia theluji ndani ya basi, naanika ovaroli, najaza karatasi za mapumziko ya dereva. Naangalia tena utabiri: kesho upepo unageuka, unatoka kusini-mashariki. Huo mara nyingi husafisha pwani. Ukishika hivyo hatutafika mbali, tutaishia Kvaløya, kisiwa cha jirani na mji, nami nitakuwa kitandani kabla ya saa saba.