Shimo kavu la mwezi wa kumi

Parseli yetu iko kwenye barabara ya Kasenga, nje ya Lubumbashi, huko ambako bomba halijafika na kila nyumba ina kisima chake. Ni mita 20 kwa 50, yenye mteremko mdogo, na mwisho wake kuna majani ya dembo, lile bonde linalojaa maji wakati wa mvua. Mume wangu aliipendea kichuguu. Matofali ya bure, alisema.

Mwezi wa kumi, joto likichoma na mvua bado, fundi alichimba shimo la mita 3 kule chini karibu na dembo, la kupotezea maji ya fosi septiki, yaani tangi la maji ya choo. Likawa kavu hadi mwisho. Akapanda na vumbi kwenye nyusi, akaniambia, "Mama, udongo huu unakunywa kama mlevi." Alikwisha kupiga hesabu ya matofali ya kujengea kuta zake.

Ningekubali, kama si baba mkwe. Yeye amelima mboga kwenye dembo tangu ujana. Aliteremka ngazi mbili tu, akabandua bonge ukutani kwa kisu, akalivunja mbele yangu. Juu udongo ni ule mwekundu wetu wa siku zote. Lakini kuanzia kama sentimita 70 uliingia mabaka ya kijivu, na kandokando ya kijivu vidoa vya rangi ya machungwa, kama bati lililoshika kutu.

"Hapa maji hulala, binti yangu."

Maji yakikaa sana, udongo hukosa hewa. Chuma kilichomo huyeyuka na kuhama, kijivu kikabaki. Maji yakishuka hewa hurudi, na chuma kile kinashika kutu. Kwa hiyo hata ukichimba kwenye ukame, ukuta unakuonyesha maji ya mwezi wa pili yanafika wapi. Mimi ningeangalia tu kama miguu inalowa.

Na fosi yenyewe haisafishi kitu kikubwa, inatenga tope na maji basi. Vijidudu vingi hufia kwenye udongo wenye hewa, chini ya mtaro unaomwaga maji ya fosi ardhini. Kipimo ninachokifuata ni angalau mita 1.2 kutoka chini ya mtaro hadi maji yanapofika yakiwa juu kabisa. Shimo la fundi lingeogelea kila mwaka, na choo chetu kingeingia moja kwa moja kwenye maji ya visima. Tifoide tunaijua hapa, sina haja ya kueleza.

Tukachimba vishimo viwili vya kupimia udongo unakunywa maji kwa kasi gani, upana sentimita 30, kina 60, kimoja pembeni ya kichuguu na kingine katikati ya parseli. Kuta tulizikwaruza kwa kisu, maana jembe hulainisha udongo na kuuziba. Kokoto kidogo chini, halafu maji, bidoni baada ya bidoni, tukaviacha vilale vimelowa. Asubuhi nikakaa na rula na simu. Kwa nusu saa, maji ya pembeni ya kichuguu yalishuka nusu sentimita. Mfinyanzi mtupu, na ndiyo sababu matofali yake ni mazuri. Ya katikati yalishuka sentimita 4. Hapo katikati tukazidi kuchimba: mabaka yalianza mita 2. Mtaro wa kina cha sentimita 60 unaacha mita 1.4. Fundi alinuna, kwa sababu mitaro mirefu ya kina kifupi haili matofali.

Kisima tumekipanga juu, upande wa barabara, mita 30 kutoka mtaro, kwa sababu maji ya ardhini nayo kwa kawaida hufuata mteremko. Kwa jirani wa chini nilipima kwa kamba kutoka mtaro hadi kisimani kwake: mita 41.

Lile shimo la chini tuliliacha limefunikwa bati. Mwezi wa pili nililifunua. Maji yalikuwa sentimita 80 kutoka juu, na chura wawili. Nilimpigia fundi simu, akaja, akatazama, akaomba nimpige picha akiwa pale.

Sasa shida iko juu. Mwenye parseli ya ng'ambo ya barabara ameanza kuchimba shimo lake la choo, refu, hatua 14 kutoka kwenye kijiti kinachoonyesha mahali pa kisima changu. Ni mzee wa rika la baba mkwe. Jumapili baba mkwe ataenda kumsalimia, na ameniambia nimwachie kile kisu.