Mafuta ya Ami na Mswada wa Fedha

Juni 2024, siku chache kabla ya bajeti kusomwa, wakala wa mafuta ya kupikia alifika dukani kwa ami yangu, Kisauni, Mombasa, na jerikeni zetu za kawaida na bei isiyo ya kawaida.

"Sheria imepita, bosi," alisema, akiweka risiti juu ya kaunta. "Ushuru wa bidhaa, asilimia 25. Mimi si serikali."

Ami aliguna, akafungua droo, akalipa. Mimi pia niliamini. Wiki zile kila kitu kilikuwa kikipanda, nani angeuliza?

Aliuliza jirani yetu, karani mstaafu wa mahakama, ambaye kila asubuhi hukaa kwenye benchi letu na kahawa chungu, akisoma gazeti tunalouza bila kulinunua.

"Kijana, sheria ipi hiyo?"

"Ya Fedha, mzee. Ya 2024."

"Huo ni mswada."

"Si ni kitu kimoja?"

Mzee alikunja gazeti. "Posa na ndoa ni kitu kimoja? Mmepeleka barua tu, mahari hayajajibiwa, nawe ushaanza kudai chakula cha usiku!"

Wateja waliangua kicheko, lakini yeye hakuwa na mzaha. Alieleza kama aliye kizimbani: mswada husomwa mara tatu, kamati ya Bunge sharti isikilize wananchi, Katiba inasema hivyo kifungu cha 118, ukipita, huenda kwa rais, naye ana siku 14 za kutia saini au kuurudisha. Akitia saini ndipo inapokuwa sheria, na bado itachapishwa katika Gazeti Rasmi. Njiani humo kipengele chochote chaweza kufutwa. Wakala alisikiliza kwa adabu, kisha akaondoka na pesa zetu.

Tarehe 18 kamati ya fedha ikatangaza kuondoa ushuru wa mafuta, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 kwenye mkate na kodi mpya ya asilimia 2.5 ya magari. Ami akampigia wakala. Hakushika simu.

Mswada wenyewe, ukiwa umepunguzwa, ulipita tarehe 25 kwa kura 195 dhidi ya 106. Tulifunga duka mapema. Usiku ule tulijua kuna vijana waliouawa kwa risasi karibu na Bunge wakiandamana kuupinga, na rais alipotangaza kesho yake kwamba hatautia saini, hakuna aliyekuwa na hamu ya kurudia utani wa posa. Mzee alizima redio, akaenda zake msikitini.

Julai wakala akarudi. Ami alikuwa amekwisha piga hesabu nyuma ya ile risiti. Akamhesabia pesa za mzigo mpya, pungufu kwa kiasi kilekile alichozidishiwa.

"Hazijatimia, bosi."

"Zimetimia. Ushuru wako haukuwa sheria."

Wakala alinuna, akatoka nje kupiga simu ofisini kwao, akazungumza kwa muda mrefu, kisha akaandika risiti nyingine.