Jinsi nilivyochagua matairi ya kushika barabara kwa ajili ya Subaru yangu

Gari langu ni Subaru Impreza WRX STI la mwaka 2010, lile fupi lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, na injini yake ya lita 2 yenye turbo hutoa nguvu za farasi 308 kwa hesabu ya kiwandani Japani. Naliendesha Dar es Salaam siku za kazi, na mara kwa mara nalipandisha Iringa kwa ndugu zangu. Gari la namna hii lina breki kubwa za Brembo, gia 6 za mkono na nguvu inayogawiwa magurudumu yote manne, lakini yote hayo hufika kwenye lami kupitia vipande vinne vya mpira ambavyo kila kimoja kinakaribia ukubwa wa kiganja. Ndiyo maana nililitazama suala la matairi kwa uangalifu kuliko nilivyotazama jambo jingine lolote la gari hili.

Lilipotoka bandarini lilikuwa limevaa matairi ya majira ya baridi, jambo la kawaida kwa magari yaliyotumika Japani, hasa yanayotoka maeneo ya theluji. Kwa mbali yalionekana mazuri, kwa sababu kashata zake, yaani vile vipande vya mpira vilivyochongwa usoni mwa tairi, zilikuwa bado ndefu na hayakuwa na nyufa. Ukiyakaribia ndipo unapoona kwamba kila kashata imechanwa vijistari vyembamba vingi, na ukiibonyeza kwa ukucha inabonyea kama kifutio cha mwanafunzi. Ubavuni palikuwa na herufi Q, inayomaanisha kwamba tairi limeruhusiwa kwenda hadi kilomita 160 kwa saa na si zaidi, kiwango kidogo mno kwa gari lililoundwa kupita mwendo huo kwa mbali. Mpira wa matairi hayo hutengenezwa ubaki laini hata kwenye barafu, na watengenezaji huyakusudia kwa hali ya hewa ya chini ya nyuzi 7 hivi. Lami ya Dar es Salaam saa nane mchana huweza kupita nyuzi 50. Kwenye joto hilo kashata hujipinda kabla gari halijageuka, na unapokanyaga breki unahisi gari linasogea juu ya miguu yake kwanza, kisha ndipo linapoanza kupunguza mwendo. Wauzaji wengi humwambia mteja kwamba amepata bahati kwa kuwa matairi ni mapya. Kwa gari hili ushauri huo ni hatari.

Kabla ya kuuliza bei niliandika mahitaji yangu, na niliyaanza na njia ninayopita. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro kuna joto na malori mengi, kisha barabara inakata Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, ambako mnyama anaweza kuvuka wakati wowote na dereva akalazimika kukanyaga breki kwa nguvu zote. Baada ya Ruaha Mbuyuni unafika Kitonga, mlima wenye kona kali ambapo malori yaendayo Tunduma na ng'ambo ya mpaka hupanda polepole na kuacha madoa ya dizeli na mafuta kwenye lami, na huko juu Iringa, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, asubuhi huwa na baridi ya kweli. Ukijumlisha masika ya pwani, utaona kwamba nilihitaji tairi linalosimamisha gari kwenye lami iliyolowa, linalovumilia joto la saa nyingi, na ambalo halingoji kupashwa moto ndipo lishike. Kukata kona kwa kasi kulikuja baadaye kabisa katika orodha yangu.

Fundi wa kwanza niliyemwendea mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, aliniambia, "Kaka, chukua mawili tu ya mbele, haya ya nyuma yana kashata bado." Kwa gari linaloendeshwa na magurudumu mawili ushauri huo una nafasi yake, ingawa hata huko si busara kuchanganya matairi ya majira ya baridi na ya joto. Kwa STI haukubaliki hata kidogo, na sababu yake ni hesabu rahisi. Tairi jipya lina kina cha kashata cha karibu milimita 8. Likilika hadi milimita 3, nusu kipenyo chake kimepungua milimita 5, na mzunguko wake umepungua milimita 31. Subaru wanataka tofauti ya mzunguko kati ya matairi yote manne isizidi takriban milimita 6, ambayo ni sawa na tofauti ya kina ya milimita 1 tu. Ukizidisha hapo, magurudumu ya mbele na ya nyuma huzunguka kwa kasi tofauti hata barabara ikiwa imenyooka, na difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, hulazimika kufanya kazi muda wote kana kwamba gari limo ndani ya kona isiyoisha. Joto linapanda, sahani zake zinalika, na bei ya kuitengeneza inazidi seti nzima ya matairi. Nilimweleza hivyo, naye akakubali kwamba alikuwa akifikiria magari ya kawaida.

Kipimo cha kiwandani ni 245/40R18, yaani upana wa milimita 245, ubavu wenye kimo cha asilimia 40 ya upana huo, na rimu ya inchi 18. Muuzaji mmoja alinishawishi nichukue 255/35R18 kwa hoja kwamba tairi pana hushika zaidi. Hoja hiyo ina ukweli mdogo kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu eneo linalogusa lami hutegemea zaidi uzito wa gari na upepo uliomo ndani. Upana hubadilisha umbo la eneo hilo, likawa fupi na pana badala ya refu na jembamba. Umbo fupi na pana husaidia kwenye kona kavu, lakini kwenye maji yaliyotuama tairi pana huanza kuelea mapema. Isitoshe, kipenyo cha 255/35R18 ni milimita 636 dhidi ya 653 za kiwandani, kwa hiyo spidomita ingedanganya, na ubavu ungekuwa mfupi zaidi mbele ya mashimo na matuta yetu. Niliwaza pia kushuka hadi 245/45R17, ambayo kipenyo chake kinakaribiana mno na cha kiwandani na ubavu wake ni mrefu kidogo, ila rimu za inchi 17 zinazopita juu ya breki zile za Brembo ni za kuchagua na zingenigharimu fedha nyingine. Nikabaki na kipimo cha kiwandani.

Maandishi ya ubavuni ndiyo yaliyonisaidia kuliko maneno ya dukani. Baada ya kipimo huja namba ya uzito na herufi ya mwendo: 93W ni kilo 650 kwa kila tairi na kilomita 270 kwa saa, ilhali 97Y ni kilo 730 na kilomita 300. Siendi mwendo huo na sishauri mtu aende, lakini tairi lililoidhinishwa kwa mwendo mkubwa limejengwa kustahimili joto, na joto ndilo adui wa safari yangu. Kisha hufuata alama tatu zinazotakiwa na sheria za Marekani: namba ya ulikaji, herufi za mshiko kuanzia AA hadi C, na herufi ya joto kuanzia A hadi C. Herufi ya mshiko hupimwa kwa kufunga breki kwenye barabara iliyolowa na iliyonyooka, kwa hiyo haikuelezi lolote kuhusu kona. Namba ya ulikaji nayo hutolewa na mtengenezaji mwenyewe, na haifai sana kulinganishia kampuni mbili tofauti, lakini hutoa picha ya jumla: 500 ni tairi gumu la kudumu, 200 ni laini la mashindano lililoruhusiwa barabarani.

Hapo ndipo uchaguzi ulipokuwa mgumu. Marafiki wapenda magari walitaka nichukue matairi ya kundi la 200, mfano wa Bridgestone Potenza RE-71R, ambayo kwenye lami kavu na yenye joto hushika kwa namna ya kustaajabisha. Sina ubishi na sifa hizo. Lakini mchanganyiko wake wa mpira hupenda kupashwa moto kwanza, mifereji yake ya kutolea maji si mingi, na hulika haraka, maana yake ni kwamba katikati ya masika ningeweza kujikuta na kashata fupi wakati ninapozihitaji zaidi. Nikachagua Michelin Pilot Sport 4S ya 245/40ZR18 yenye alama 97Y, namba ya ulikaji 300, mshiko AA na joto A. Ni tairi la majira ya joto lenye mifereji mirefu ya kutosha, na mpira wake umechanganywa na madini ya silika yanayoufanya ung'ang'anie lami iliyolowa bila kungoja moto.

Kuyapata yenye umri mdogo kulichukua muda kuliko kuchagua. Kila tairi lina tarakimu nne mwishoni mwa alama ya DOT iliyoandikwa ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Duka moja lilikuwa na seti ya kipimo changu iliyopakwa dawa ya kung'arisha, lakini ilikuwa imekaa rafuni zaidi ya miaka mitano, na mpira uliozeeka huwa mgumu hata kama haujawahi kugusa barabara. Nilisubiri mzigo mwingine, nikahakikisha matairi yote yametoka wiki zinazokaribiana.

Siku ya kuyafunga nilibalansi magurudumu na kupima alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, kisha nikaendesha kwa upole kilomita mia chache za mwanzo, kwa sababu uso wa tairi jipya huwa na utelezi kidogo unaotokana na kalibu. Upepo nilijaza kwa kufuata karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, asubuhi kabla gari halijatembea. Kuna jambo la kufurahisha nililoliona Iringa. Baridi ya alfajiri hupunguza upepo kwa takriban paundi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6, ila ukiwa mlimani geji husoma juu zaidi kwa sababu hewa ya nje imepungua uzito, kwa hiyo mambo hayo mawili karibu yanafutana na namba inakuja karibu ileile ya pwani.

Tofauti niliiona wazi zaidi Kitonga, wakati wa kuteremka kwenye mvua nyuma ya lori. Breki zilianza kufanya kazi palepale nilipokanyaga, bila ule mtikisiko wa matairi ya baridi, na usukani ukanijulisha mapema ni wapi lami ilikuwa na mafuta. Gharama yake ni kelele zaidi kwenye lami mbovu na ubavu ambao hausamehi shimo.

Kwa sababu ya mashimo hayo nilinunua matairi matano badala ya manne, nikapata na rimu ya tano. Mchoro wa kashata za matairi haya una upande wa nje na wa ndani tu, hauna mwelekeo wa kuzunguka, kwa hiyo yanaweza kuhamishwa kutoka kulia kwenda kushoto. Kila ninapoyazungusha, la tano huingia na mojawapo hupumzika nyumbani, na napima kina kwa geji ndogo ili yote yabaki ndani ya milimita 1. Tairi likipasuka ng'ambo ya Mikumi, mdogo wangu hulipakia la tano kwenye basi la Iringa la alfajiri.