Taipureta nyingi hazijafa, zimeganda tu

Muuzaji akiniambia taipureta yake ni mbovu, ndipo ninapoitaka zaidi. Nimeshika mashine hizi kiasi cha kutosha kujua kwamba "mbovu" mara nyingi maana yake ni chafu, au kuna kifungio ambacho hakuna aliyekumbuka kukifungua. Taipureta za kubeba karibu zote zina kifungio cha kigari, yaani ile sehemu ya juu inayoshika karatasi na kusogea kushoto kila ukipiga herufi. Kinafungwa wakati wa safari ili kigari kisichezecheze. Mtu anairithi mashine, anabonyeza, kigari kimeganda, basi anasema imekufa. Kumbe ni kusogeza kiwiko kidogo tu pembeni.

Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi huwa naanza na mambo ya bure. Kifungio kimefunguliwa? Kigari hakijafika kwenye pambizo ya kulia, mahali ambapo mashine yenyewe inakataa kuendelea mpaka ubonyeze kibonye cha kuachia pambizo? Ukikivuta kigari kwa mkono kuelekea kulia, unasikia springi ikivuta kurudi, au kinateleza ovyo? Jibu la swali la mwisho ndilo linaloniambia kazi itakuwa kubwa au ndogo. Nikikuta kutu imekula mikono ya herufi, yaani vile vichuma virefu vinavyopanda kugonga karatasi, au kuna kipande kimepotea, naiacha. Spea ya taipureta ni taipureta nyingine ya aina ileile, na sitaki kuua mbili nipate moja.

Watu huniuliza waanze na ipi. Mimi sipendekezi za kale sana. Taipureta ya Remington ya mwaka 1874 ina heshima yake katika historia, lakini ilipiga herufi kubwa tu, tena herufi zilipiga kutokea chini ya rola, ule mwanzi wa mpira unaozungushiwa karatasi, kwa hiyo mpigaji hakuona alichoandika mpaka karatasi isogee juu. Mfumo wa kupigia mbele, unaokuwezesha kuliona neno papo hapo, ulienea kupitia kampuni ya Underwood, na Namba 5 yao iliuzwa kwa mamilioni. Hiyo ni mashine ya mezani, nzito, imara, na iko wazi pande nyingi, kwa hiyo unaona kila kitu kinavyofanya kazi. Kwa anayetaka ya kubeba, Olivetti Lettera 22 ya mwaka 1950 au Lettera 32 ya mwaka 1963 haitamsumbua. Valentine nyekundu ya Olivetti ya mwaka 1969 ni nzuri machoni, ila ndani yake ni kama Lettera 32. Ziada unayolipa ni ya rangi na umbo.

Na tafadhali usirudishe mashine eti haina namba 1. Nyingi zilitengenezwa hivyo makusudi: unapiga herufi ndogo ya l. Alama ya mshangao nayo unaiunda kwa nukta, kurudi nyuma nafasi moja, kisha alama ya ritifaa juu yake.

Sasa ugonjwa mkuu. Unabonyeza herufi, mkono unapanda taratibu au unapanda na kugoma kushuka. Tatizo linakaa kwenye kipande cha chuma chenye umbo la nusu duara, chenye mifereji myembamba, kila mkono wa herufi ukizungukia ndani ya mfereji wake. Kwa miaka mingi mifereji hiyo imekula vumbi, chembe za kifutio na mafuta yaliyogeuka gundi. Mafuta hayo ndiyo adui. Mtu aliona herufi inakwama, akamwagia mafuta, ikafanya kazi juma moja, kisha vumbi likanata juu ya mafuta na hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. Mifereji ile inatakiwa iwe mikavu kabisa.

Dawa yake ni spiriti ya mafundi rangi, ile ya kusafishia brashi, pamoja na mswaki wa zamani. Nafanya kazi mahali penye hewa, mbali na moto, na natandika matambara chini. Naiegemeza mashine ili uchafu utiririke nje usiingie ndani zaidi, nachovya mswaki, nasugua kufuata mifereji, kisha nabonyeza kila herufi mara nyingi. Maji meusi yanatoka. Nasugua tena. Mara nyingi herufi za katikati hulegea haraka, za pembeni zinabisha. Nikifika mahali ambapo naunyanyua mkono kwa kidole, nauachia, na unaanguka wenyewe kwa uzito wake, najua pale pamekwisha. Baadaye naiacha ikauke, na kesho yake najaribu tena, maana kuna nyingine hulainika zikiwa zimelowa tu na kuganda tena zikikauka. Hapo hakuna njia ya mkato, ni kurudia.

Spiriti hiyo isiguse plastiki wala miguu ya mpira. Na kwenye mashine za zamani nyeusi zenye maandishi ya dhahabu, usithubutu kupaka alkoholi kwenye bodi, itaondoka na maandishi. Kitambaa chenye maji kidogo na sabuni laini kinatosha.

Herufi zenyewe ni rahisi. Wino mkavu hujaa kwenye matumbo ya a, e na o, ndiyo maana maandishi yanatoka na madoa meusi. Brashi ngumu na kijiti cha meno, basi.

Kama kigari kinateleza bila kuvutwa, nageuza mashine kutazama nyuma. Mara nyingi kamba imekatika. Ni kamba nyembamba inayotoka kwenye pipa dogo lenye springi na kushikizwa kwenye kigari, nayo ndiyo inayokivuta kila unapopiga. Badala yake natumia mshipi wa kuvulia samaki, ule wa kusokotwa. Kazi ni ndogo ila inahitaji mikono tulivu: nafunga mshipi kwenye pipa, nalizungusha pipa kuijaza springi nikilishikilia kwa kidole gumba, kisha nanasa ncha ya pili kwenye kigari. Kidole kikiteleza, springi yote inajifungua kwa kishindo na unaanza upya. Usiijaze kupita kiasi. Kipimo changu ni kwamba kigari kivutwe mpaka nafasi ya mwisho ya mstari, basi. Ukizidisha, kitarukaruka na kuacha mapengo kati ya herufi.

Rola ndiyo inayonishinda. Mpira ukizeeka unakuwa mgumu, karatasi inateleza na mlio unakuwa mkali. Kuivisha mpira mpya ni kazi ya wenye mitambo yao. Mimi naweka karatasi ya pili nyuma ya ile ninayoandikia, na sauti inapungua, herufi nazo zinatulia.

Utepe wa wino hausumbui, kwa kuwa upana wa milimita 12.7 ndio wa mashine nyingi na bado unatengenezwa. La muhimu, usitupe magurudumu ya chuma ya asili ambayo utepe huzungushiwa. Vishikio vya plastiki vya utepe mpya huenda visikae kwenye mashine yako, kwa hiyo unauzungusha utepe mpya kwenye magurudumu ya zamani. Angalia pia kama utepe wenyewe una vipete vidogo vya chuma karibu na ncha zake. Kwenye mashine nyingi hivyo ndivyo vinavyoiambia igeuze mwelekeo.

Mwisho kabisa ndipo ninapogusa ulinganifu, na kama hauna kasoro siugusi. Napiga HhHhHh na kutazama miguu ya herufi. Kubwa zikikaa juu au chini ya ndogo, kuna skrubu za kituo cha shifti (kibonye cha herufi kubwa), mara nyingi moja ya juu na moja ya chini. Nazungusha robo duara, napiga tena, natazama. Zikisimama mstari mmoja, narudisha mfuniko na kuingiza karatasi safi.