Diski ya Inchi Tisa

Kumi la mwisho la Ramadhani hakuna fundi wa kuchomelea Tanga anayelala. Kila mwenye nyumba anataka geti lake lisimame kabla ya Idi, na mwaka ule mfungo uliangukia masika, kwa hiyo nusu ya siku tulikuwa tunaokoa vitu visilowe.

Karakana ilikuwa ya ami yangu, Ngamiani, nami saidia fundi wake. Alasiri moja akaingia mteja wa Raskazone. Nguzo zake za bomba la inchi nne zilikuwa bado hazijakatwa, na mkononi kashika diski ya kukatia ya inchi tisa, ile ya milimita 230.

“Fundi, hicho kidiski chako hakifiki upande wa pili. Nimekuletea dume.”

Vijana tukacheka. Ami akaipokea, akaigeuzageuza.

Grenda yetu, mashine ya mkononi inayozungusha diski, ilikuwa ndogo, ya diski ya milimita 115. Tatizo ni kwamba tundu la katikati ni lile lile, kubwa na ndogo, kwa hiyo ukishafungua kinga, kile kifuniko cha diski, diski kubwa inaingia bila ubishi. Mafundi wanaofanya hivyo nimewaona, na sijui wanamtegemea nani.

Ami akachukua chaki, akapiga hesabu juu ya bati. Grenda inazunguka mara 11,000 kwa dakika. Mzingo wa diski ile ni kama sentimita 72. Ukingo wake ungekwenda karibu mita 132 kila sekunde, na juu ya diski yenyewe imeandikwa mwisho wake ni 80.

“Basi fundi, iendeshe polepole.”

“Bwana mkubwa, hii haina polepole. Ina kuwaka na kuzima.”

Kisha akamwonyesha kile kipete cha chuma kinachozunguka tundu. Pale huwa pamegongwa mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka mitatu tangu itengenezwe. Ya kwake ilikuwa imekwisha muda zamani. Alipoulizwa aliiweka wapi, akasema stoo, imeegemea ukuta, karibu na rangi. Stoo ya Raskazone, hatua chache kutoka baharini! Kinachoshika punje za diski ni gundi, na gundi hiyo ikinyonya unyevu hulegea bila kuonyesha dalili. Ndiyo maana zetu zililala chali ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko, rafu ya juu. Iliyoanguka sakafuni haikurudi koponi hata ikiwa nzima machoni.

Bomba tulilikata kwa kidiski kile kile. Ukuta wa bomba ni milimita chache tu, hakuna haja ya kufika upande wa pili. Ami alilizungushia ukanda wa karatasi ngumu, ncha zikutane sawasawa, nikachora mstari kwa chaki, akakata kidogo, nikalizungusha, akakata tena, diski imesimama wima bila kulazwa ubavu. Hata adhana ya magharibi ilikuwa bado.

Ile kubwa Ami aliivunja kwa nyundo pale pale, mwenyewe akitazama, maana ingebaki nzima mmoja wetu angeijaribu. Siku ya malipo mteja akakata bei ya diski yake, na Ami akakubali.