Mfalme wa Afrika Niliyemkuta Pamplona

Asubuhi ya tarehe 7 Julai, nilipokuwa mwanafunzi mjini Pamplona, Hispania, siku ya sikukuu ya San Fermín, bibi mwenye nyumba niliyopanga alinifunga kitambaa chekundu shingoni, akanionya kwamba nikizidi kuuliza habari za mafahali wanaokimbizwa barabarani, mtakatifu mwenye sikukuu atapita nisimwone. Njiani alinieleza kuwa wekundu ule ni ukumbusho wa damu ya Mtakatifu Fermín, askofu ambaye kwa mapokeo alikatwa kichwa huko Amiens, Ufaransa, na kwamba sherehe yake ilikuwa ikifanyika Oktoba hadi ilipohamishiwa Julai mwaka 1591. Kisha, kwa sauti ya chini kama anayetoa siri ya ukoo, akaongeza kuwa somo wa mji wenyewe, yaani mtakatifu mlinzi wake, ni Saturnino, maana Fermín ni somo wa jimbo lote la Navarra, pamoja na Fransisko Ksaveri.

Saa nne sanamu ilitoka Kanisa la San Lorenzo ikiwa imebebwa mabegani. Uso wake ni mweusi, ndiyo maana wenyeji humwita Morenico, jina la mapenzi kwa mtu wa maji ya kunde, na nakiri kwamba kusikia umati wa Wazungu ukimwita hivyo mtakatifu wao kulinifanya nitabasamu katikati ya sala. Mahali fulani maandamano yalisimama, mtu mmoja akamwimbia jota, wimbo wa kienyeji, na kelele zote za barabara ile nyembamba zikakoma.

Lakini kilichonigusa zaidi ni sanamu za majitu manane, wafalme wanne na malkia wao, yenye urefu wa karibu mita nne, yaliyotengenezwa na Tadeo Amorena mwaka 1860 kuwakilisha Ulaya, Asia, Amerika na Afrika. Bibi alinisukuma mbele nikamsalimie mfalme wangu. Nilimtazama kwa makini, sikuona sura ya mtu yeyote wa kwetu. Hata hivyo alipozunguka kwa mlio wa zumari na ngoma, joho lake likipepea, nilijikuta nikimpigia makofi kuliko wenzake.

Baadaye walipotuliza majitu chini, kijana aliyelowa jasho alichomoza kutoka ndani ya joho la mfalme, kwani mzigo ule una uzito wa kilo 60 hivi. Kando yake mama mmoja alikuwa akimbembeleza mwanawe amkabidhi mfalme chuchu yake ya mpira, kwa kuwa ndivyo watoto wa Pamplona wanavyoachishwa kuinyonya. Mtoto aliitoa mdomoni, akamtazama mfalme wa Afrika kwa muda mrefu, kisha akairudisha.