Vashti na Video za Bongo Fleva

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu juma hili ni Esta 1:1-12.

Mfalme Ahasuero alitumia siku 180 kuwaonyesha wakuu wake utajiri wa ufalme. Hazikumtosha, akaongeza karamu ya siku saba pale Shushani: mapazia ya rangi, vitanda vya dhahabu na fedha, mvinyo wa kumwaga. Siku ya saba, mvinyo ukiwa umemwingia, akaona kuna mali moja bado haijaonyeshwa. Akatuma matowashi saba wamlete Malkia Vashti, watu wauone uzuri wake. Vashti akakataa.

Mpangilio huo tunaujua kwenye video za Bongo Fleva. Kwanza gari, kamera inazunguka rimu. Halafu jumba lenye bwawa, cheni, chupa. Halafu wasichana. Msanii amefunga koti mpaka shingoni, wenzake wamebaki na vikamba. Kamera inaanzia kiunoni na mara nyingi inaishia hapohapo, sura huioni. Soma maelezo chini ya video: aliyetengeneza biti yupo, mwongozaji yupo, mpaka mpiga picha. Binti aliyekata mauno kutwa nzima hatajwi. Mwandishi wa Esta aliwataja kwa majina hata wale matowashi.

Mwaka 2018 Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) walifungia nyimbo kadhaa kwa sababu za maadili, na wengi wetu tukashangilia. Sawa. Lakini mitaani lawama humwangukia nani? Binti. "Huyu hana wazazi?" Hata Vashti, mahubiri mengi niliyosikia yanamsema kama mke asiyetii, ulevi wa mumewe unarukwa, na umeandikwa wazi kwenye mstari wa 10!

Tena tusijione tuko nje ya karamu. Kwenye bethidei zetu, keki ikishaombewa, unawekwa wimbo uleule, na mtoto wa miaka mitano anaitwa katikati acheze "kama yule dada wa kwenye video." Anageuka, anainama, ukumbi unalipuka. Mashangazi wanamtunza noti, wajomba wanarekodi, na kabla hatujafika nyumbani tayari iko kwenye stetasi. Mtoto ana akili. Ameshaona ni kipi kilichomletea pesa. Shairi alilokariri kwa ajili ya siku hiyo hakuna aliyelitunza.

Ayubu anasema, "Nilifanya agano na macho yangu" (Ayubu 31:1). Hakumpangia msichana nguo za kuvaa, alianza na macho yake mwenyewe. Na Bwana Yesu katika Mathayo 5:28 anasema na yule atazamaye.

Alhamisi jumuiyani tutajadili swali moja: wale wageni waliokuwa wameketi wakimsubiri Vashti aletwe, walipaswa kufanya nini? Akina baba waanze kujibu.